Asali Mgongoni mwa Kabati

Mdogo wa marehemu mume wangu anaitwa Isidori, lakini mji mzima wa Babati unamwita Kabati, na jina hilo amelipata kwa sababu ya begi. Naeleza habari zake mimi mwenyewe kwa sababu zimeshaelezwa mno na watu wasiozijua, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila anayezieleza huongeza lake.

Mume wangu, Mwalimu Raphael, alikuwa mkuu wa shule, na hata leo watu wazima wenye vyeo vyao wakisikia jina lake husimama vizuri. Mimi nilifundisha fizikia sekondari mpaka nilipostaafu. Watoto wetu wamesoma na wanajua kusalimia. Halafu yupo Isidori. Najua kila ukoo una mtu wake wa namna hii, ila wenzetu wamejaliwa kumpata anayeishi mbali. Wetu anaishi Maisaka, na kila anakokwenda, sijui kwa nini, ni lazima apite mbele ya geti langu hapa Bagara, akipiga honi.

Aliacha shule kidato cha pili akidai walimu wanamwonea, wakati mkuu wa shule alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Akawa fundi redio mpaka watu walipochoka kumpelekea redio. Akauza mayai, akayafunga kwenye keria ya baiskeli ndani ya kiroba, bila trei. Sasa ni fundi wa sola. Huzunguka vijijini kwa pikipiki akifunga taa kwenye nyumba za watu, na kusema haki, kazi hiyo anaiweza. Taa anazozifunga zinawaka. Mikono yake haina shida. Shida yake ni kupenda kuonekana.

Lile begi alilinunua mnadani, mtumba, la wale watu wanaopanda milima na kulala huko huko juu. Akiketi kwenye pikipiki, chini linagusa siti na juu linapita kichwa chake. Ndani lina vyuma viwili virefu vinavyokaa sawasawa na uti wa mgongo, na yeye juu ya vyuma hivyo alipachika bisibisi, koleo na mashine ya kutobolea ukuta, ncha zikimtazama mbavu. Lilikuwa na mikanda mingi, ya kifuani, ya kiunoni, ya pembeni, na hakuufunga hata mmoja. Yote ilipepea nyuma yake jirani na gurudumu na cheni, kama matambara kwenye mti wa kutishia ndege shambani. Na alilivaa bega moja. Alilipenda kwa sababu lilikuwa kubwa, basi. Aliamini mtu akiliona begi kubwa atafikiri mwenyewe ana kazi kubwa. Watu waliliona, wakafikiri anahama nyumba. Ndipo akaitwa Kabati.

Siku moja nilimwona akipita bila kofia ngumu, nikamsimamisha.

"Isidori, kofia yako iko wapi?"

"Shemeji, begi linaisukuma kwa nyuma, inanishukia machoni. Sioni barabara."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeiacha nyumbani."

Nilimwuliza kama viatu vikimbana atakata vidole. Alicheka sana, akasema Mwalimu Raphael alioa mwanamke mcheshi, akaondoka na kabati lake.

Ningemwacha aendelee hivyo, maana mtu mzima haogeshwi. Lakini mwanangu Emanuel alitaka kuoa.

Hapa inabidi nieleze desturi ya ukoo wa mume wangu. Asali ya posa haipelekwi na mtu yeyote tu. Hubebwa na baba mdogo wa bwana harusi, ndani ya kibuyu, mgongoni, kutoka mlango wetu hadi mlango wa wakwe. Haifungwi kwenye keria kama kuku wa mnadani. Haipakiwi kwenye gari. Na haigusi ardhi njiani. Ikigusa, posa hiyo imeharibika na upande wa binti una haki ya kuturudisha nyumbani. Zamani walikwenda kwa miguu. Pikipiki zilipoingia, wazee walikaa wakakubaliana kwamba mbebaji anaweza kukalia chochote, ilimradi asali imkalie yeye. Wengine wanaona ni mambo ya kizamani. Mimi nimesoma, na sioni ubaya wowote wa kumtaka mwanaume abebe kitu kimoja bila kukidondosha.

Na baba mdogo aliyebaki ni mmoja tu, Kabati.

Alishawahi kubeba mara moja, kwa ajili ya Anselimu, mtoto wa kaka yao mkubwa. Asali ilikuwa inapelekwa Dareda. Alilivaa begi lake bega moja, kibuyu amekiweka juu kabisa, peke yake, kikicheza ndani kama kengele. Kwenye kona ya kwanza begi likazunguka likaja kwapani, kibuyu kikagonga keria, kikapasuka. Badala ya kurudi nyumbani kwa aibu, yeye akaendelea. Alifika kwa wakwe asali imemshuka mpaka kwenye soksi, nzi wakimsindikiza, na baba wa binti akasema kwa upole, "Rudini nyumbani. Mtakuja mwaka kesho." Kabla mwaka haujafika binti alishaolewa Singida. Anselimu hajaoa mpaka leo, na watu wa Dareda wakituona sokoni hutuuliza kama nyuki wetu hawajambo.

Sasa zamu ilikuwa ya Emanuel, na binti ni Jenipher wa Mzee Theodori, kule Bonga, watu wasiosahau kitu. Mwanangu alinijia jikoni.

"Mama, baba mdogo akimwaga tena, mimi nimekwisha. Jenipher ameshaniambia, shangazi yake Eliakunda anangoja kosa moja tu."

"Hatamwaga."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu mimi ndiye nitakayemfunga."

Kesho yake nilimpeleka Isidori sokoni, kwenye duka la mabegi la Tariq. Isidori alikwenda moja kwa moja kwenye begi kubwa kuliko yote, lenye picha ya simba anayenguruma.

"Hili hapa, shemeji. Hata wakwe wakiliona watajua wanaume wamefika."

"Rudisha."

Nikachagua mwenyewe. Nilitaka begi lisilopita mabega yake kwa juu wala kugusa siti kwa chini. Nilitaka mikanda mipana yenye sponji, maana mkanda mwembamba humkata mtu bega, na mtu anayeumwa bega huanza kujinyonganyonga barabarani. Nilitaka mkanda wa kifuani na wa kiunoni, yote ikiwa na vifungo vinavyofunga kweli. Nilishika mikanda pale ilipoungwa nikaivuta kwa nguvu zangu zote. La kwanza lilitoa sauti ya kuachia nyuzi, nikalitupa pembeni. Nilipiga mgongo wa begi kusikiliza kama lina chuma ndani. Mtu akianguka chali juu ya chuma, chuma hakimwonei huruma. Mwisho nikapata moja la kijivu, mgongoni lina sponji nene, na kwa nyuma lina mstari unaong'aa ukimulikwa na taa za gari.

Tariq alinitazama kwa masikitiko. "Mama, hilo wananunua wanafunzi. Mzee huyu ni mtu mzima."

"Umri wake naujua mimi. Toa nje tulijaribu."

Nilimkalisha Isidori juu ya pikipiki yake palepale mbele ya duka, begi mgongoni, kofia kichwani. Nikamwamuru ageuze shingo kulia, kushoto, atazame juu, ainame mbele kama anayekimbiza upepo. Kofia haikuguswa. Lakini vijana wa bodaboda walikuwa wameshajaa.

"Kabati! Leo umekuwa kastuli kadogo!"

"Mama anamwandikisha darasa la kwanza!"

"Kabati, usisahau madaftari, mwanangu!"

Isidori aliona aibu kweli kweli, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza. Akataka kulivua. Nikamwambia, mbele ya wote, "Ukilivua, nitawaambia hawa habari ya soksi za Dareda." Akabaki nalo.

Nyumbani nilimpa somo ambalo watoto wa kidato cha pili hulielewa kwa dakika chache, na ambalo yeye alilikosa kwa kuacha shule wakati huo huo. Kizito hukaa chini na karibu na mgongo. Kikikaa juu, au mbali na mwili, kila ukikata kona kinataka kwenda kwake, na wewe unakwenda kwako. Nikachukua kibuyu kingine, nikakijaza maji, nikakitia kwenye begi bila kukifunika kitambaa, nikamwambia azunguke mtaa.

"Shemeji, mimi naendesha pikipiki tangu Emanuel yuko darasa la tatu."

"Ndiyo maana nashangaa kwamba u hai. Zunguka."

Alirudi maji yakimtiririka kiunoni. Alikuwa ameilegeza mikanda njiani ili apumue vizuri, alisema. Alipokanyaga breki begi lilimsukuma mbele, alipokata kona likamvuta pembeni. Wifi yangu Rogathe, dada yake, ambaye alikuwa amekuja kunisaidia kupanga mambo ya posa, aliketi ngazini akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

"Isidori, umejikojolea mgongoni! Hiyo mpya!"

"Dada, usinianze."

Safari ya pili nilikiviringisha kibuyu kwenye blanketi, likawa nene upande wa uti wake, na kukikaza kisicheze. Nikamvalisha mwenyewe, mabega yote mawili. Nikavuta mikanda mpaka begi likamshika mgongo kama ngozi yake, nikafunga kifua, nikafunga kiuno. Ncha zote zilizobaki nilizikunja na kuzibana kwa vipande vya mpira nilivyokata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, pasibaki hata kidole kimoja cha kupepea karibu na cheni.

"Napumua kwa shida," alisema.

"Unazungumza, kwa hiyo unapumua."

Alirudi mkavu. Akazunguka tena bila kuambiwa, kisha tena, na mara ya mwisho nilimsikia akipiga mluzi. Nikajua ameshaanza kuamini kwamba wazo lilikuwa lake.

Siku ya posa tulitoka asubuhi. Kulikuwa kumenyesha usiku. Isidori alitangulia kwa pikipiki, amevaa suti ya Mwalimu Raphael ambayo nilimwazima kwa moyo mzito, kofia kichwani, begi la kijivu mgongoni, na kibuyu cha asali ndani yake, mdomo umezibwa kwa nta. Sisi tulifuata kwa gari la kukodi, mimi, Rogathe, Emanuel na wazee wawili. Barabara ya Dodoma tuliipita vizuri. Sikuondoa macho mgongoni mwake. Begi halikutikisika. Niliwahi hata kufikiri, Mungu anisamehe, kwamba anapendeza.

Tulipofika Bonga tukaacha lami, tukaingia njia ya udongo inayokwenda kwa Mzee Theodori. Udongo ulikuwa umelowa, mwekundu, unateleza kama sabuni. Mbele kulikuwa na ng'ombe wanaotoka kunywa maji. Mtu yeyote mwenye akili angesimama. Isidori alipiga honi. Ndama mmoja akashtuka, akamkatia njia, Isidori akakanyaga breki, na pikipiki ikamponyoka miguuni ikaenda peke yake mtaroni. Yeye akaruka mbele, akatua kifudifudi kwenye dimbwi la matope na mbolea, akateleza umbali wa kutosha kwa kila mtu kuona vizuri.

Gari lilisimama. Emanuel hakutoka. Alikuwa ameziba uso kwa mikono.

Tulimkimbilia. Amelala tumbo chini, mikono ameitandaza, begi limesimama mgongoni pale pale nilipolifunga. Rogathe alikuwa akilia. "Isidori! Isidori, umekufa?"

"Sijafa, dada," alisema kutoka ndani ya matope. "Asiniguse mtu! Msinigeuze! Asali haijagusa chini!"

Nilipiga magoti palepale na viatu vyangu vya kanisani. Nilimkagua shingo, mgongo, miguu. Alikuwa amechubuka kiganja na goti linavimba. Kofia ilikuwa na mchubuko mrefu kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Niliitazama alama hiyo muda kidogo. Nilikumbuka vile vyuma viwili na koleo, na kichwa kisicho na kofia, na nikageuza uso kuwatazama wengine, maana mtu kama Isidori ukimwonyesha kwamba umeogopa, atalisimulia hilo mpaka uzeeni.

"Mwinueni kwa kwapa," nikasema. "Wima. Asipinde nyuma."

Akasimama. Kuanzia paji mpaka viatu, upande wa mbele, alikuwa tope tupu. Suti ya mume wangu nisiizungumzie. Usukani wa pikipiki ulikuwa umepinda.

Dereva wetu, mtu mwenye huruma, akafungua mlango. "Mzee apande, tumfikishe."

"Hapandi," nikasema. "Asali haipakiwi kwenye gari."

"Natembea," akasema Isidori. Na akatembea, akichechemea. Sisi hatungeweza kufika kwa gari mbele ya mbebaji, kwa hiyo tulishuka wote, tukamfuata kwa miguu, wazee na fimbo zao, Rogathe amebeba viatu mkononi. Watu walitoka majumbani kututazama. Mtu mmoja aliuliza kama tunakwenda mazishini, na mwenzake akajibu kwamba marehemu ndiye yule anayetangulia.

Langoni kwa Mzee Theodori, shangazi Eliakunda alikuwa wa kwanza kutuona. Alishika kiuno.

"Haya! Tulisema mlete asali, mmetuletea ng'ombe aliyezama?"

Wanawake nyuma yake wakaangua kicheko. Emanuel alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza ya shule. Mzee Theodori akaja polepole, akainua mkono, kicheko kikakatika.

"Baba mdogo, pole. Umeanguka?"

"Nimeanguka, mzee."

"Na asali imegusa chini?"

Isidori ana sifa mjini. Akikuambia saa, unaangalia jua. Aliweza kuapa mpaka jioni na asingeaminiwa, na pale palikuwa na mwanangu, na jina la baba yake.

"Mimi nimegusa," alisema. "Yenyewe haijagusa."

"Tutajuaje?" akadakia Eliakunda. "Watu wa Dareda walitueleza!"

Isidori aligeuka akawapa mgongo.

Mzee Theodori alimzunguka kama anayekagua fahali wa mahari. Mbele, matope kila mahali. Nyuma, koti safi, na begi la kijivu halina hata tone, ule mstari unaong'aa ukimeremeta juani. Alipapasa chini ya begi, pembeni, juu. Akatazama viganja vyake. Vikavu.

"Mama Jenipher," akaita. "Njoo upokee."

Mama Jenipher, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuja kumvua mbebaji mzigo kama desturi inavyotaka. Kifungo cha kifua kilikuwa kimejaa tope, kikagoma. Alihangaika, akanitazama.

"Mama Emanuel, mlimfunga hivi kwa nini? Kama mtoto anayepelekwa kliniki!"

"Namjua," nikasema.

Alicheka, na akicheka yeye wote hucheka, hata Eliakunda alijisahau. Kifungo kikafunguka. Blanketi likafunuliwa, kibuyu kikatoka kizima, nta mdomoni haijapasuka. Mzee Theodori akakipokea kwa mikono miwili. Nilimsikia Emanuel akishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu mtaroni, na ndani ya nyumba mabinti wakapiga vigelegele.

Harusi itakuwa baada ya mavuno. Eliakunda amesusa kupika, kwa hiyo chakula kitakuwa kizuri.

Kuhusu Isidori, goti limepona. Kijiweni Maisaka, naambiwa, anawafundisha vijana namna ya kuchagua begi: lisipite bega, lisiwe na chuma, kizito chini na karibu na mgongo, ncha zibanwe kwa tyubu. Anasema aliyagundua mwenyewe katika kazi zake. Wameacha kumwita Kabati, sasa wanamwita Kobe, kwa jinsi alivyolala. Silipendi jina hilo pia. Lile begi kubwa nimelichukua nikaling'oa vyuma, na kuku wangu wanatagia ndani. Ni kazi ya kwanza ya maana ambayo limewahi kufanya.

Juzi alipita getini, honi kama kawaida. La kijivu amelivaa bega moja, kofia ameitundika kwenye kiwiko.

"Isidori!"

Alisimama kabla sijamaliza jina. Akavaa kofia, akaingiza mkono wa pili, akafunga kifua, akafunga kiuno, akanitazama kama mtoto anayesubiri kuoneshwa alama yake.

"Ncha," nikasema.

Akazibana ncha, akaondoka. Siku hizi namkagua kila apitapo, wala sioni taabu. Anselimu bado hajaoa, mdogo wake Emanuel anakaribia, na mtoto wa mwisho wa kaka mkubwa ameanza kunyoa ndevu. Asali ya wote hao ina mgongo mmoja tu wa kuibeba. Namhitaji mzima.